Aliyeumia Asipoteze Fungu Lake



Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Mtu huamka asubuhi mzima wa viungo vyote, na jioni huletwa nyumbani amebebwa na wenzake. Siku ya kwanza nyumba hujaa watu. Siku ya pili huja wengine na vyakula na maneno ya pole. Lakini baada ya miezi miwili mitatu, pole zimekwisha, na ndani ya nyumba limebaki swali moja ambalo hakuna anayetaka kulitamka mbele ya mgonjwa: sasa tutakula nini?

Juma hili tuzungumze juu ya swali hilo, yaani namna ya kumrudisha kazini mtu aliyeumia au aliyepata ulemavu. Ili tusizungumze hewani, twende mahali pamoja, Kisiwa cha Fundo, huko Pemba. Wengi wenu mnakaa bara, kwenye migomba na mahindi, na huenda hamjaiona bahari. Si kitu. Kazi ya chombo cha baharini itatuonyesha wazi jambo ambalo shambani limejificha, nanyi mtalitambua mara mtakapolirudisha kwenu.

Fundo ni kisiwa kirefu na chembamba, upande wa magharibi wa Pemba, mbele ya mji wa Wete, katika Mkoa wa Kaskazini Pemba. Wenyeji wake ni Waislamu, na riziki yao kubwa ni bahari. Kutoka huko kwenda Wete hakuna njia ila majini. Mwenye homa huvuka kwa chombo, mjamzito huvuka kwa chombo, na aliyevunjika mguu huvuka kwa chombo hicho hicho.

Na bahari inaumiza. Kamba ikikaza ghafula huondoka na kidole. Pangaboi la mashine hukata mguu kama shoka. Chombo kinapopandishwa pwani juu ya magogo, mguu ulioteleza chini yake husagika. Mwiba wa taa huchoma na kidonda huoza. Jua na chumvi, mwaka baada ya mwaka, huharibu macho. Tena ng'ambo, katika Pemba kubwa, iko mikarafuu na minazi, na kila msimu wapo wanaoanguka.

Sasa tuangalie yanayotokea baadaye. Mnadhani ni ukatili unaomtoa mtu kazini? Mara nyingi kinachomtoa ni huruma. Nahodha anamwambia, "Pumzika ndugu yangu, usijisumbue." Mkewe anamnyang'anya ndoo. Watoto wanaambiwa wasimchokoze baba. Kila mmoja anafanya wema, na wema huo wote ukikusanywa pamoja unamfungia mtu ndani. Mwezi wa sita akitazama, mahali pake chomboni pana kijana mwingine, na wala hakuna aliyemfukuza. Kazi imempita tu, kama maji yanavyolipita jiwe.

Twapenda kusema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunawapigia wageni wavivu. Lakini mgonjwa aliyepata nafuu naye hulitamani jembe hilo, maana asiyepewa jembe ni mgeni, hata kama nyumba ni yake mwenyewe.

Basi, dawa iko wapi? Iko katika kuitazama kazi vizuri. Sisi tumezoea kusema "kazi ya uvuvi" kana kwamba ni kitu kimoja, kwamba mtu anaiweza yote au haiwezi kabisa. Sivyo. Bandu bandu humaliza gogo, na hata kazi ya chombo ni bandu nyingi zilizokusanyika. Tuzihesabu.

Kabla ya kwenda baharini, nyavu zimeshonwa zilipochanika, maboya yamefungwa juu na risasi chini. Ndoana zimefungwa kwenye mishipi, chambo kimekatwa. Kamba zimekaguliwa. Madema yamesukwa kwa fito. Chombo kimekalafatiwa mahali panapovuja, tanga limetiwa kiraka, mashine imesafishwa na kupimwa mafuta. Baharini sasa kuna kusukuma chombo, kukishika usukani, kutega, kuvuta nyavu, na pengine kuzamia. Wakirudi, samaki huteremshwa dikoni, huchaguliwa, hupigwa mnada, fedha huhesabiwa, gharama huondolewa, na mafungu hugawanywa. Tena nyavu huoshwa na kuanikwa, na kesho huanza upya.

Katika kazi hizo zote, ni ngapi zinazotaka miguu miwili yenye nguvu? Kusukuma, kuvuta, kuzamia, kubeba. Zaidi ya nusu ya zilizobaki hufanywa mtu amekaa, kwa mikono na akili. Yupo mvuvi aliyekatwa mguu chini ya goti? Anashona nyavu kama alivyoshona zamani, na pengine vizuri zaidi, kwa kuwa hana haraka. Yupo aliyepoteza mkono mmoja? Anasimamia mnada na kuweka hesabu, kazi ambayo vyombo vingi vinagombana kwa kukosa mtu wa kuaminika. Yupo aliyepofuka? Vidole vyake havijapofuka. Fundo la ndoana na msuko wa dema ni kazi ambazo fundi mzoefu huzifanya huku anaangalia pengine akizungumza na watu, maana anayeziona ni vidole.

Hapa twapata neno kubwa la juma hili. Msiulize, "Huyu anaiweza kazi?" Ikateni kazi vipande vipande, kisha ulizeni, "Huyu anaviweza vipande vipi?" Swali la kwanza lina jibu moja, nalo ni la kumfukuza. Swali la pili lina majibu mengi.

Na mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenyewe. Mara nyingi jamaa hukaa barazani wakapanga maisha ya mtu, naye yuko chumbani anasikia sauti zao ukutani. Yeye ndiye anayejua maumivu yanaanzia wapi, anaweza kukaa muda gani, na mkono upi unachoka upesi. Akishasema, na ajaribiwe kidogo kidogo. Aanze saa mbili kwa siku. Juma linalofuata aongeze. Asipoweza kipande hiki, abadilishiwe kingine, wala isisemwe ameshindwa.

Jambo jingine: kabla ya kumtaka mtu abadilike, badilisheni mahali na chombo cha kazi. Fundi wa nyavu hukaa chini na kuunyosha wavu kwa kuushika na kidole gumba cha mguu. Aliyekatwa mguu atafanyaje? Pigeni kigingi ardhini, wavu ufungwe hapo, mambo yamekwisha. Mgongo haumruhusu kuinama? Tundikeni wavu juu ya mti uliolazwa, aushone akiwa amekaa kwenye kiti. Mchanga wa pwani unazuia gongo na magurudumu? Tandazeni mbao kuukuu kutoka njiani mpaka kivulini. Mti mmoja, kigingi kimoja, mbao tano: hizi si gharama za kuishinda shehia.

Sasa tufike kwenye fungu, maana hapa ndipo mambo mengi huharibika. Mnajua kwamba baharia wa namna hii hana mshahara. Samaki wakiuzwa, huondolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki hugawanywa: fungu la mwenye chombo, fungu la nyavu na mashine, na mafungu ya mabaharia, kila pwani kwa desturi yake. Aliyeumia hana fungu, kwa kuwa hakwenda. Wenzake hummegea samaki wawili watatu wa mboga. Wanafanya vizuri. Lakini samaki wa huruma huja bahari ikiwa shwari. Upepo wa kusi ukivuma, chombo kikirudi kitupu siku nne, huruma nayo hurudi tupu.

Kwa hiyo yafaa apewe fungu la haki, lenye kipimo chake. Mathalani, miezi ya kwanza ya ugonjwa apewe nusu fungu, na wote wajue mwisho wake ni lini. Akianza kazi za pwani, apewe fungu dogo la kudumu la fundi wa chombo, au alipwe kwa kila wavu anaoumaliza. Kiasi mtakijua wenyewe. Lililo kubwa ni kwamba kisemwe mbele ya nahodha, mwenye chombo na mabaharia wote, kijulikane kama mafungu mengine yanavyojulikana. Wala chombo hakipati hasara. Wavu uliochanika hauvui, na asipokuwapo wa kuushona, hushonwa na mabaharia waliochoka, au hulipwa fundi wa nje. Huyu mwenzenu ameijua nyavu hiyo tangu ilipokuwa mpya. Fungu lake amelifanyia kazi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitii maanani. Kurudi kazini hakuanzi mtu alipopona. Kunaanza saa ile ile aliyoumia, kwa namna anavyobebwa. Mtu akianguka kutoka juu ya mti au mlingoti, akalalamika mgongo au shingo, au akasema hasikii miguu, msimshike mmoja mikono na mwingine miguu mkamnyanyua kama gunia. Mfupa uliovunjika unaweza kuukata uti wa mgongo njiani, na aliyekuwa atembee asitembee tena. Aachwe amelala, kichwa na shingo vishikwe visicheze, letwe ubao mpana au mlango uliong'olewa, avingirishwe taratibu mwili wote kwa pamoja na watu wanne, afungwe juu ya ubao huo, ndipo abebwe. Kwa watu wa Fundo jambo hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa chombo hurukaruka juu ya mawimbi. Ubao mmoja uliowekwa tayari pale dikoni, ukijulikana na wote, unaweza kuokoa miguu ya mtu.

Pemba ina hospitali zake, Wete, Chake Chake, na ya Abdulla Mzee kule Mkoani. Na katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ilifunguliwa mwaka 2014 taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kwa msaada wa madaktari kutoka Hispania. Kabla ya hapo Wazanzibari wenye majeraha ya namna hiyo iliwalazimu mara nyingi kutafuta matibabu nje ya visiwa.

Hata hivyo kisu cha daktari hakitoshi. Niwasimulie habari ya daktari mmoja, Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939 akaenda Uingereza. Mwaka 1944, vita vikiwa vikali, alipewa wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Zama zile watu wa namna hiyo walionekana kama wafu wanaopumua. Wengi walikufa upesi, na walichokufa nacho kilikuwa vidonda vya kulala na maradhi ya kibofu. Guttmann akaamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mara nyingine alikwenda usiku mwenyewe kuhakikisha. Vidonda vikapungua. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wenzake: akawapa wagonjwa kazi. Wengine useremala, wengine kutengeneza saa, na wote michezo. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale, wakiwa wamekaa kwenye viti vyao vya magurudumu. Kutoka mashindano hayo madogo ikakua michezo ya Paralimpiki inayojulikana leo duniani kote.

Katika habari hii chukueni mambo mawili ya kufanya nyumbani. La kwanza, mgonjwa asiyesikia miguu ageuzwe kila saa mbili, ngozi yake itazamwe kila siku penye mifupa, kiunoni, nyongani na visiginoni, na palipoanza kuwa pekundu au peusi pasilaliwe tena mpaka papone. Vidonda vya kulala vinamrudisha mtu kitandani miezi mingi, na vinaua. La pili, kazi ni sehemu ya matibabu. Msingoje apone kabisa ndipo apewe la kufanya.

Tusemeje juu ya fedha za fidia? Huko Zanzibar, Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, ambalo ndilo linunualo karafuu, limewahi kuwafidia wachumaji walioanguka kutoka kwenye mikarafuu. Ni jambo jema, na aliyeanguka na aulize mapema, akiwa na maandishi ya hospitali na ushahidi wa sheha wake. Lakini fidia ni kama mvua ya siku moja. Wakija wadai wote, na jamaa wote, na mganga naye, ndani ya mwezi mmoja imekauka. Kabla fedha haijafika, mume na mke wakae wapange: hii ya matibabu, hii ya chakula, na hii haiguswi, ni mtaji. Cherehani, au kibanda cha duka, au nyuzi za nyavu, ndiyo mvua iliyotiwa kisimani.

Sheria nazo zipo, na yafaa mzijue. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu chake cha 27 kinataka nchi zisaidie watu kubaki kazini na kurudi kazini baada ya kuumia. Zanzibar ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, kisha ikatunga mpya mwaka 2022. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa walioumia kazini huko Bara, na hushughulika pia na utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wake wa kuishi na kufanya kazi. Zanzibar ina sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi tangu mwaka 1986.

Lakini angalieni kwa makini. Sheria hizi za fidia zinamtafuta mwajiri. Katika chombo cha Fundo mwajiri ni nani? Mwenye chombo atasema, "Mimi sikumwajiri, tunagawana." Nahodha atasema, "Mimi ni baharia kama yeye." Wote wanasema kweli, na aliyeumia amebaki katikati, hana wa kumdai. Vivyo hivyo kibarua wa shamba la mtu, mwangua nazi, mchimba mchanga, na fundi anayejenga nyumba ya jirani. Hawa ndio wengi katika vijiji vyetu. Kwa hiyo mahali ambapo sheria haijafika, masikilizano ya watu lazima yatangulie. Vyombo vitano vya diko moja vinaweza kukubaliana kwamba kila mnada chombo kitoe fedha kidogo iwekwe kwa mtu mmoja mwaminifu, iandikwe, ili akiumia baharia wa chombo chochote asianze na mikono mitupu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena aliyeumia asikae peke yake. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ulianzishwa mwaka 1985. Mtu akikutana na wengine waliopita njia yake, hujifunza mambo ambayo daktari hayajui: jinsi ya kuvaa, jinsi ya kupanda chombo, jinsi ya kumjibu mtu anayemwita "kilema" badala ya jina lake. Bara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikaruhusiwa tena mwaka 2024. Ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

Huenda mtu akasema, haya ni maneno matamu, wapi yameonekana? Tuvuke mpaka Mombasa. Huko Bombolulu, tangu mwaka 1969, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya, APDK, kilianzisha karakana. Watu waliokuwa wakionekana kama mzigo wakafundishwa kutengeneza mapambo, vinyago, mikoba na nguo, vikauzwa hata ng'ambo. Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha Neema Crafts mwaka 2003, na hapo viziwi na wasioweza kutembea wametengeneza karatasi, wamefuma vitambaa, na wamehudumia wateja katika mgahawa. Na Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT tangu mwaka 1981 kimefundisha mafundi wa miguu ya bandia na vifaa vya viungo kutoka nchi nyingi za Afrika. Aliyekatwa mguu na ajue kwamba mguu wa bandia ni kifaa cha kazi, sawa na jembe, na kama jembe hulegea na huchakaa. Arudi kwa fundi ukimbana au ukimchubua, asiutupe darini.

Tusiwasahau akina mama. Mara nyingi tukisema "aliyeumia" tunamfikiria baba. Lakini mama anayeteleza kwenye matumbawe akivunja nyonga, au anayepooza upande baada ya kujifungua au kwa shinikizo la damu, huyo hupoteza kazi kumi kwa siku moja, na hakuna fungu lililowahi kuandikwa kwa jina lake. Katika pwani za Pemba wanawake wengi hulima mwani, zao lililoanza kulimwa Zanzibar karibu na mwaka 1989. Kupiga vigingi na kubeba mwani uliolowa maji ni kazi ngumu, lakini kufunga mbegu kwenye kamba ni kazi ya kukaa kivulini. Wenzake wampelekee kamba, yeye afunge, wao wapeleke majini, na siku ya kuuza wahesabu kamba zake. Kadhalika kusuka ukili na kusokota kamba za usumba. Na mume asione haya kuteka maji. Maji yaliyotekwa na mwanamume hayana chumvi.

Sasa maonyo machache, maana hata jambo jema huharibika. Msimpe aliyeumia kazi ya bure mkaiita "mazoezi". Akifanya kazi ya nusu siku, apewe malipo ya nusu siku. Msimrudishe pale pale alipoumia kabla hamjaondoa kilichomuumiza: pangaboi liwekewe kinga, kamba iliyooza itupwe. Msimtoe mtoto shuleni awe miguu ya baba yake, maana mtoto huyo atakuwa hana kazi wala elimu, na nyumba itakuwa na wawili waliokwama. Wala msimfanye mtu chambo cha sadaka, kumkalisha njiani siku za ibada ili wapitao wampe. Sadaka ni jambo takatifu, nao wenye kutoa hupata thawabu, lakini mtu mwenye mikono yake miwili na ufundi wa miaka ishirini hakuzaliwa awe mahali pa wengine kupatia thawabu.

Na ninyi mlio bara, rudini sasa mashambani mwenu. Ikateni kazi ya kahawa kama tulivyokata ya chombo. Kuchimba mashimo na kupanda mteremko na gunia ni kazi ya miguu. Kuchagua buni mbaya na nzuri, kuzigeuza juani, kutunza miche kitaluni, kupima na kuandika kilo, ni kazi ya macho na mikono. Ikateni ya mahindi: kupukuchua, kuchagua mbegu, kulinda ghala. Ikateni ya ng'ombe: kukamua, kukata majani, kuandika siku ya chanjo. Hakuna kijiji ambacho kazi zake zote zinataka miguu miwili.

Kabla Jumapili haijafika, fikirini mtu mmoja kijijini kwenu aliyeumia mwaka huu au mwaka jana, ambaye zamani mlimkuta shambani na siku hizi mnamkuta mlangoni. Nendeni kwake. Msipeleke unga peke yake. Pelekeni na swali: "Ndugu, kazi zetu ni hizi na hizi. Ipi utatusaidia, na tukulipe nini?" Kisha nyamazeni mkamsikilize. Akitaja moja, mpelekeeni kesho yake asubuhi, kabla hajapata nafasi ya kujiona ameomba.